Kuni za Kuchomea Ng'ombe

Binti wa Kamate alizikwa kama mgonjwa wa kipindupindu, kwa sababu wiki ile kila aliyeharisha alihesabiwa kuwa mgonjwa wa kipindupindu. Hema la wagonjwa lilikuwa limejaa mpaka mlangoni. Masika, muuguzi wa shirika la misaada aliyelisimamia hema hilo, alimtundikia mtoto maji ya mshipa kama alivyowatundikia wengine, akamfunika vizuri, akakimbilia kitanda cha pili. Damu kwenye ndoo aliiona. Akajiambia labda ni amiba pia, maana pale kambini magonjwa hayakuwa na adabu ya kuja moja moja. Kulipokucha mtoto alikuwa amekwisha. Wakamzungushia plastiki, wakampulizia klorini, na baba yake akambeba mikononi mpaka makaburini, mahali ambapo kuzikana kwenyewe kulikuwa kazi, kwa sababu chini kote ni mawe.

Kambi hiyo ilikuwa magharibi ya Goma, kando ya barabara ya kwenda Sake, juu ya uwanda mweusi ambao volkano iliumwaga zamani ukapoa ukabaki hivyo hivyo, mgumu na wenye ncha. Vita ilipowashukia watu wa Masisi walikuja kwa makundi na magodoro vichwani, wakafunga shitingi zao za plastiki juu ya mawe hayo, mlango wa huyu ukitazama mgongo wa yule. Walikuwemo Wahunde, Wanande na wasemaji wa Kinyarwanda, watu ambao huko walikotoka kila mmoja alikuwa na kilima chake. Mabomu ya Sake yalisikika mchana, na watu walikuwa wameyazoea kiasi kwamba hawakukatiza tena mazungumzo yao.

Siku chache baada ya mazishi, Kamate alirudi kwenye hema la wagonjwa akiwa amevaa koti juani na mkono mmoja ameuficha ndani yake. Mke wake, Marie-Louise, ndiye aliyemsukuma mpaka mbele ya meza.

"Onyesha muganga," alimwambia. "Toa mukono."

Chini ya kiwiko palikuwa na kidonda cha mviringo, cheusi katikati kama kaa lililozimwa, kimezungukwa na malengelenge madogo. Mkono wote ulikuwa umevimba mpaka kwenye vidole. Masika alivaa glovu, akabonyeza pembeni.

"Inauma?"

"Hapana, Mama Muganga. Njo kitu kinanishangaza. Ilianza kunikuna tu, sasa hata kukuna hakuna."

Masika alivuta kiti akakaa. Kidonda cheusi kisichouma alikuwa amekiona mara moja tu maishani, alipokuwa bado mwanafunzi wa uuguzi katika kituo cha Kalengera, kule Rutshuru. Mwenye kidonda alikuwa mwanamume aliyekatakata nyama ya kiboko aliyekutwa amekufa mtoni. Mwalimu wake aliwaita wanafunzi wote wakizunguke kitanda, akasema: huu ndio ugonjwa wa kimeta, madaktari wanauita sharbo, unakaa kwa wanyama na unakaa kwenye udongo, na mkiusahau mtaua watu.

"Kamate, ulichuna nyama gani?"

"Nyama? Mama, sisi tangu tufike hapa tunakula bugali na majani."

"Nakuuliza tena."

Kamate alitazama chini. Marie-Louise akampiga begani kwa ngumi. "Sema! Mutoto amekwisha kufa. Unaogopa nini tena?"

Ndipo akasema. Muzee Munyakazi, yule mfugaji aliyekimbia na ng'ombe wake, alikuwa amepoteza ng'ombe mmoja. Ng'ombe alianguka asubuhi bila kuugua, damu nyeusi ikamtoka puani. Watu walikwenda kuomba nyama, mzee akakataa katakata. Yeye na mkwe wake walijaribu kuchimba shimo, chuma kikagonga mwamba, wakachimba pengine, kikagonga tena. Mwishowe walimfunika ng'ombe kwa mawe kama wanavyofunikwa watu. Jioni Kamate na wenzake walikwenda wakayaondoa mawe.

"Tuliipika," alisema Kamate. "Tuliipika kweli. Lakini kuni zilikuwa kidogo. Na mutoto alipenda sana maini."

Masika alimchoma sindano ya penisilini, akamlaza kwenye kona ya peke yake, akamwagiza awataje wote waliokula. Mikono yake ilifanya kazi yenyewe. Akilini alikuwa anaitazama ile ndoo ya damu. Halafu wazo lingine likamjia, likamfanya aweke sindano mezani taratibu: maziwa.

Maziwa yalikuwa ni jambo lake yeye. Miezi kadhaa nyuma, unga wa watoto wenye utapiamlo ulipochelewa kufika, alikuwa amevuka mahema yote mpaka kwa Munyakazi na kumwomba. Mzee hakuuliza atapata nini. Tangu siku hiyo Uwizeye, mkwe wake, alileta bido, dumu dogo la maziwa, kila asubuhi, na Masika aliona kwa macho yake mashavu ya watoto yakirudi. Alikuwa ameeleza jambo hilo kwenye mkutano wa shirika kwa fahari: ng'ombe wakila majani watoto wanapona. Wakubwa walipiga makofi.

Alivua glovu, akamwachia msaidizi wake hema, akaondoka moja kwa moja.

Munyakazi alikuwa amewafunga ng'ombe wake nyuma ya mahema ya mwisho, kwenye mabonde madogo ambako nyasi zilijitahidi kuota kati ya mawe. Alikuwa mzee mrefu, mwenye kofia ya sufu na fimbo ambayo hakuiachilia hata akikaa. Mwanawe aliuawa njiani walipokuwa wanakimbia. Uwizeye aliendelea kutembea akiwa na mimba, akiwaswaga ng'ombe pamoja na baba mkwe, na mtoto alizaliwa hapa hapa juu ya mawe. Alikuwa naye mgongoni, anawafukuzia ng'ombe nzi kwa tawi.

"Umekuja juu ya mutoto wa Kamate," alisema Munyakazi kabla hata ya kuamkiwa.

"Unajua, muzee?"

"Nilisikia alikufa. Tangu pale silali. Niliwaambia ile nyama ni kifo. Wakasema mimi ni mchoyo. Wakasema watu wa kabila langu wanapenda kuona nyama inaoza kuliko kuwapa wengine." Alitema mate pembeni. "Niliongeza mawe juu. Sikujua kama njaa inaweza kuinua mawe makubwa vile."

"Kule kwenu mulikuwa munafanya namna gani?"

"Kule kuna udongo, mwanangu. Tunachimba shimo linalopita urefu wa mutu. Tunamulaza ng'ombe bila kumupasua, hata tone la damu lisiguse majani. Tunapanda miiba juu. Na ng'ombe hawapitishwi pale tena, mpaka wajukuu wanazeeka." Aligonga mwamba kwa fimbo yake, ukalia. "Hapa udongo uko wapi?"

Ng'ombe waliobaki walionekana wazima. Walicheua polepole, masikio yakicheza. Zamani, alieleza mzee, bwana mifugo alipanda milima yao kila mwaka na masanduku ya barafu, akawachanja wote. Tangu vita ianze hakuonekana.

"Muzee," alisema Masika, "inabidi nitoe habari mjini, ofisi ya shirika pale Himbi."

Uwizeye aliacha kupunga tawi. Munyakazi alitazama upande wa ziwa.

"Ukisema ugonjwa umetoka kwa ng'ombe wa Munyakazi," alisema, "hawatasikia neno ng'ombe. Watasikia Munyakazi."

"Nikinyamaza, mutoto mwengine atakufa."

"Sijasema unyamaze. Mutoto wa mutu si kitu cha kunyamazia. Ninakuomba moja tu: chanjo ije mbele, maneno yaje nyuma."

Masika aliahidi ataomba chanjo. Kisha akasema lile lililobaki, kwamba maziwa yasiletwe tena, wala nyumbani wasiyanywe. Uwizeye alikuwa amekwisha kukamua. Alilibeba bido, akalimimina juu ya mawe mbele ya macho ya muuguzi, na maziwa yakajipenyeza kwenye nyufa yakapotea upesi.

"Na watoto wa hema lako," aliuliza, "utawapa nini?"

Masika alishuka mpaka barabarani. Alipanda pikipiki ya abiria akaenda mjini.

Himbi palikuwa kama nchi nyingine. Ofisi ya shirika ilikuwa na ukuta mrefu, majani yaliyokatwa vizuri na maua yaliyomwagiliwa, na nyuma yake ziwa la Kivu limetulia kana kwamba halina habari na lolote. Dokta Cirimwami, daktari mkuu wa shirika, alimpokea amesimama. Alikuwa mtu wa Bukavu, mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi, na simu zake mbili zililia zamu kwa zamu wakati wote wa mazungumzo. Masika alimweleza habari yote. Dokta alimsikiliza kweli, hilo Masika hakulikana hata baadaye.

"Dawa za watu tunazo," alisema. "Nitakuongezea leo hii. Hiyo chanjo ya ng'ombe siko nayo. Feza tuliyopewa ni ya afya ya watu. Wanyama wana ofisi yao."

"Ofisi hiyo iko na chanjo?"

Dokta alipiga simu mbele yake. Aliongea Kifaransa muda mrefu, kisha akaikata. "Wanasema chanjo itatoka mbali, na ndege hazina uhakika. Labda wiki, labda mwezi. Wakati huo watu wataendelea kufungua mawe na kula."

"Dokta, ng'ombe waliobaki ni wazima. Wachungwe tu, wafungiwe, wasiuzwe, mpaka chanjo ifike. Wale ng'ombe ndio walikuwa wanalisha watoto wetu."

"Najua. Niliandika mimi mwenyewe kwamba ni mfano mzuri." Akajipangusa uso. "Masika, kambi ile ina watu kama mji. Nikichelewa kutangaza, na watu wakafa, nitasema nini? Afya ya watu inatangulia."

"Na muzee Munyakazi, yeye si mutu?"

Daktari hakukasirika. Aliangalia majani ya ofisi yake kupitia dirishani. "Nitaagiza ng'ombe wafungiwe. Nitatafuta lori, kama kuna mwingine anakufa abebwe akachomwe mbali. Zaidi ya hapo, dada, hata mimi niko chini ya wengine."

Ndivyo agizo lilivyotoka. Lilitoka Himbi likiwa na neno "wafungiwe". Likapita kwa wakubwa wa eneo, likapita kwa mkubwa wa usalama, na lilipofika kwa Wenceslas, mwenyekiti wa kambi, lilikuwa limebadilika njiani. Wenceslas hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyeogopa kelele za watu. Asubuhi alizunguka kati ya mahema na kipaza sauti chake, akatangaza kwamba kuna sumu kwenye nyama, kwamba sumu hiyo imeua, na kwamba imetoka kwa ng'ombe wa Munyakazi.

Kabla jua halijapanda, neno "sumu" lilikuwa limeshafanya kazi yake. Mbele ya bomba la maji wanawake walisema mzee aliwatilia maziwa dawa ya kuua watoto wao. Mtu mmoja alisema alimwona akiongea na wenye bunduki kule milimani. Alipoulizwa lini, alisema kila mtu anajua. Masika alikwenda huku na huko, akashika watu mikono, akaeleza kwamba mzee ndiye aliyekataza nyama isiliwe, kwamba ugonjwa unatoka ardhini, hauna kabila. Walimsikiliza kwa heshima, na alipogeuka waliendelea walipoachia.

Wenye bunduki walikuja adhuhuri. Walikuwa vijana wa kundi lililokuwa na kituo chake juu ya barabara, wengine wamevaa viatu vya plastiki. Wenceslas alikuwa nyuma yao, uso umesawijika.

Masika aliwakuta wameshafika kwa ng'ombe. Alijiweka mbele ya mkubwa wao.

"Msipige risasi," alisema. "Nakuomba, komanda. Ng'ombe hawa hawajaugua. Na kama kuna mwenye ugonjwa, damu yake ikimwagika hapa, ugonjwa utakaa hapa miaka na miaka. Daktari amesema wafungiwe tu."

"Sisi tumeambiwa tumalize sumu," alijibu yule kijana, bila ukali. "Pisha, mama."

Munyakazi hakupiga kelele. Alikwenda kwa ng'ombe mwekundu aliyekuwa kiongozi wa kundi, akamshika shingo, akamwita kwa jina, Bihogo, akaongea naye Kinyarwanda kwa sauti ya chini. Vijana wawili walimvuta kando. Fimbo ikamdondoka. Halafu bunduki zikalia, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu kambi nzima ilinyamaza kusikiliza mlio.

Ng'ombe wengine walianguka papo hapo. Wengine walihangaika, wakateleza juu ya mawe, wakapigwa tena. Damu ilitafuta nyufa zile zile ambazo maziwa yalikuwa yamezipata. Uwizeye alikuwa amemfunika mtoto wake uso kwa kitenge, na yeye mwenyewe macho hakuyafumba.

Masika alimpigia Dokta Cirimwami simu. "Nilisema wafungiwe!" alipaza sauti dokta. "Sikusema wapigwe!" Akaahidi lori litakuja mara moja kubeba mizoga. Lakini mchana ule ule mapigano yalizidi Sake, barabara ikajaa watu wapya na magari ya askari, na lori halikuja.

Watu walianza kukusanyika. Kwanza walisimama mbali. Kisha wakasogea, wengine na visu, wengine na mabeseni. Njaa ya kambi ile haikuwa ya siku moja. Masika alizijua nyuso hizo, alikuwa amewapima watoto wao. Munyakazi, Uwizeye na yeye walisimama kati ya watu na mizoga, watu watatu tu, na mzee alirudia kwa Kiswahili chake kizito: "Musikule. Nawaomba. Musikule." Wenye bunduki waliporudi wakiwa na chukudu mbili, umati ukawapisha. Hawakuuliza mtu. Walimkatakata Bihogo, aliyekuwa mkubwa kuliko wote, wakampakia kwenye zile baiskeli za mbao wakamfunika majani, wakasukuma kuelekea mjini.

"Mutaua watu!" Masika aliwafuata akipiga kelele. "Hiyo nyama munaipeleka wapi?"

"Goma ni kubwa, mama," alimjibu mmoja wao, na wenzake wakacheka.

Aliporudi, mwanamke mmoja alikuwa ameshaingiza kisu kwenye paja la ng'ombe. Masika alimshika mkono. Mwanamke akamtazama.

"Kama wao wanakula, juu ya nini mimi nisikule?" aliuliza. "Wewe jioni utakula."

Ilikuwa kweli. Masika aliuachia mkono wake, akamwomba tu, akamwonyesha kwa mkono upande wa makaburi. Yule mwanamke alisimama na kisu chake, akalia kwa hasira, kisha akakaa chini pale pale.

"Lazima tuchome," Masika alimwambia Munyakazi. "Sasa hivi."

"Kwa kitu gani?"

Hilo ndilo lilikuwa swali. Kuchimba hakukuwezekana. Petroli hawakuwa nayo. Kuni zilizokuwepo kambini ni zile ambazo wanawake walikwenda kuzitafuta msitu wa hifadhi, safari ya kutwa, wakipita mbele ya walinzi wa hifadhi ambao waliwafukuza na mbele ya wenye bunduki ambao waliwafanya mengine. Masika aliyatibu majeraha yao kila wiki, bila kuuliza sana. Mara nyingi alikuwa amewaambia wasiende: msitu unakwisha, na nyinyi mnakwisha pamoja nao. Walimjibu kwamba maharagi hayaivi kwa maneno. Sasa alipita hema kwa hema akiwaomba hizo hizo kuni, ili ziteketezwe juu ya nyama waliyokatazwa kuila.

Wengi walimfungia shitingi. Mwanamke mmoja, mdogo kwa umri, alikaa juu ya furushi lake akakumbatia magoti.

"Hizi kuni nililipa na mwili wangu," alisema. "Sizitoi, Mama Muganga. Usiniombe."

"Sikuombi," alisema Masika, na akapita.

Alikuwa anageuka kurudi mikono mitupu alipomwona Marie-Louise anakuja, furushi zima la kuni mgongoni, kamba imemkaza kipaji cha uso. Alifika mpaka penye mizoga, akalitua. Munyakazi alivua kofia akataka kumshukuru. Mwanamke alimkatiza.

"Siko nafanya hii juu yako, muzee. Ng'ombe yako ilimaliza mutoto wangu. Najua ulikataza, najua Kamate aliiba, lakini roho yangu haitaki kujua." Alipumua. "Mutu mwengine asizike mutoto. Njo hiyo tu."

Baada yake walikuja wengine, si wengi, mmoja na vijiti vya chini ya chungu, mwingine na mguu wa kitanda. Wenceslas alileta mbao za kibanda chake cha mikutano. Moto ulishika kwa shida. Mafuta ya ng'ombe wenyewe ndiyo yaliyousaidia mwishowe, na harufu ikatanda juu ya kambi, harufu ya nyama choma, watoto wakatoka mahemani wakasimama wakimeza mate. Hilo ndilo lililomshinda Masika kuvumilia. Aliugeuzia moto mgongo, akajifanya anapanga mawe.

Munyakazi alikaa karibu sana na joto. Aliwataja ng'ombe wake mmoja mmoja, mama wa huyu ni yule, yule alizaliwa mwaka wa mvua ya mawe, huyu aliletwa na wazazi wa Uwizeye arusini, hawakukubali kumuuza hata walipokuwa wanakufa njaa. Hakuna aliyemsikiliza ila mkwe wake na muuguzi.

"Mwanangu," alimwambia Masika mwishoni, "wewe ulisema kweli. Sikulaumu kwa kweli. Lakini ile kweli yako, waliolipa ni mimi na hawa."

Masika alitaka kumwambia kwamba na yeye amelipa. Akaona si kweli.

Kamate alipona, kovu jeusi lilibaki. Wengine waliokula ile nyama ya kwanza walitibiwa mapema, na mmoja wao tu ndiye aliyekufa. Kambini hapakuzuka kimeta tena. Himbi waliandika kwamba ugonjwa ulidhibitiwa haraka, na jina la Masika lilitajwa kwa sifa. Nyama ya Bihogo iliishia kwenye sahani za nani, hakuna aliyejua. Masika alikuwa akiwauliza wauguzi wenzake wa mjini kuhusu vidonda vyeusi, na kila mmoja alimjibu kwamba siku hizi wanaona majeraha ya risasi tu.

Hemani, watoto waliokuwa wanapona kwa maziwa walirudi nyuma. Unga ulichelewa tena. Wawili walikufa katika msimu ule wa mvua, na mmoja wao alikuwa mtoto wa Uwizeye, kwa sababu maziwa ya mama yake nayo yalikuwa yamekauka. Masika alimshika mkononi mpaka mwisho. Uwizeye hakumlaumu. Alimwomba tu kitambaa cheupe badala ya plastiki, na Masika akatoa shuka lake la nyumbani.

Baada ya hapo mzee na mkwe wake hawakukaa. Watu hawakuwapiga, hawakuwatukana. Walinyamaza tu walipopita, na bomba la maji lilikuwa halina nafasi yao. Asubuhi moja Masika alikuta shitingi yao imefungwa vizuri, imewekwa mbele ya hema la wagonjwa kwa yeyote atakayeihitaji. Wengine walisema waliwaona wanaelekea Kituku kutafuta mtumbwi wa kwenda ng'ambo ya ziwa. Wengine walisema walirudi Masisi.

Mwaka uliofuata vita iliingia Goma yenyewe, na kambi zote za barabara ile zikavunjwa kwa muda mfupi sana. Watu walibeba magodoro yao tena. Shirika lilifunga hema, na Masika akabaki akifanya kazi katika kituo kidogo mjini. Siku moja ya Jumapili, baada ya misa, alikwenda peke yake mpaka pale kambi ilipokuwa. Mawe meusi yalikuwa yamerudi kuwa mawe matupu. Ila mahali pale walipochoma ng'ombe, majani yalikuwa yameota mengi, mabichi, marefu kuliko kote, na katikati yake mwanamume asiyemjua alikuwa anawalegezea mbuzi wake kamba ili wale.

Masika alimwamkia, akamweleza kila kitu: moto, damu iliyoingia kwenye nyufa, ugonjwa unaoweza kulala chini miaka mingi na kuamka kwa mnyama anayekula jani moja. Mwanamume alimsikiliza mpaka mwisho. Alikuwa na watoto, alisema, wanalala kwenye nyumba ya mtu ambayo haijamalizika kujengwa, na mbuzi hawa ndio kila kitu chao.

"Nakuamini, mama," alisema. Alitazama uwanda mweusi pande zote, kisha akamtazama yeye. "Sasa niambie niwapeleke wapi."

Masika alitazama pamoja naye. Upande mmoja kulikuwa na barabara na wenye bunduki, upande wa pili ziwa. Aliinama akashika kamba ya mbuzi mmoja, mwanamume akashika za wengine, wakaanza kuwavuta kutoka kwenye majani. Mbuzi walikaza miguu, wakalia, hawakutaka kuondoka.